Mtu ameanguka na hapumui: namna ya kumbonyeza kifua hadi msaada ufike

Maswali ni yaleyale kila mara. Nitajuaje kama moyo umesimama? Nimshike mshipa kwanza? Nikimvunja mbavu je? Ni lazima nimpulizie mdomoni? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata kazi yenyewe, tangu mtu anapoanguka mpaka unapomkabidhi kwa wahudumu wa ambulansi. Umeandikwa kwa mtu ambaye hajasomea uuguzi wala udaktari.

Shika jambo moja kabla hujaendelea: huhitaji kuwa na uhakika. Unahitaji kujibu maswali mawili tu. Je, anaitikia? Je, anapumua kawaida? Jibu likiwa hapana kwa yote mawili, bonyeza. Ukimbonyeza mtu ambaye moyo wake bado unapiga, kwa kawaida ataguna au atakusukuma mikono, na ni nadra apate madhara makubwa. Usipombonyeza yule ambaye moyo wake umesimama, anakufa.

Kidogo tu kuhusu kinachotokea

Shambulio la moyo na moyo kusimama ni mambo mawili. Kwenye shambulio, mshipa unaolisha moyo umeziba: mgonjwa anaumwa kifua, anatoka jasho, lakini yuko macho na anaongea. Huyo habonyezwi, anapigiwa simu ya dharura na kukaliwa karibu, maana hali yake inaweza kugeuka wakati wowote. Moyo ukisimama, damu haifiki kichwani na fahamu hupotea ndani ya sekunde chache. Mara nyingi moyo wa mtu mzima aliyeanguka ghafla haujanyamaza, bali unatetemeka ovyo bila kusukuma damu. Kinachoweza kuurudisha kwenye mapigo yake ni mshtuko wa umeme, na mikono yako inaulisha ubongo wakati mashine inatafutwa.

Mgonjwa asipobonyezwa wala kushtuliwa, nafasi yake ya kupona hupungua kwa takriban asilimia 7 hadi 10 kila dakika inayopita. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2015 uliangalia visa zaidi ya 30,000 vya watu walioanguka mbele ya wengine kati ya 1990 na 2011. Waliobonyezwa kifua kabla ya ambulansi kufika, asilimia 10.5 walikuwa hai baada ya siku 30. Wasiobonyezwa, asilimia 4.0.

Vya kuandaa mapema

Siku ya tukio hutapata muda wa kutafuta kitu. Andaa sasa:

- Namba ya dharura ya mahali unapoishi na unapofanyia kazi, ikiwa kichwani na si kwenye simu pekee. Jua pia namna ya kuelekeza mtu hadi mlangoni kwako.
- Simu ambayo unaweza kuiweka kwenye spika bila kuitazama. Jaribu leo. Wengi hugundua wakati wa dharura kwamba hawajui kitufe kilipo.
- Mahali ilipo mashine ya kushtua moyo iliyo karibu, ile yenye maandishi AED na alama ya moyo wenye radi. Angalia kama chumba ilimo hufungwa usiku, na ufunguo anao nani.
- Mazoezi ya mikono kwenye sanamu la mafunzo. Saa chache za darasa zinatosha, lakini yarudie, kwa sababu ustadi huu huchuja ndani ya miezi.
- Kama mashine ni ya ofisi au jengo lenu: mkasi wa kukatia nguo, wembe na taulo kavu viwe ndani ya mfuko wake.

Sehemu kubwa ya visa hivi hutokea nyumbani, kwa hiyo utakayembonyeza huenda akawa mzazi, mwenzi au ndugu yako. Wafundishe wote mnaoishi nao. Ukiwa wewe pekee unayejua, siku utakayoanguka wewe hapatakuwa na wa kukusaidia.

Hatua kwa hatua: mtu mzima

1. Angalia usalama, kwa sekunde mbili tatu. Umeme, magari, moto, moshi. Kama amenaswa na umeme, zima kwenye swichi kuu kabla ya kumgusa. Wa kuokolewa wasije kuwa wawili.

2. Mwite na umtikise mabegani. Sema kwa sauti kubwa: "Unanisikia? Fumbua macho!" Asiposogea, asipoguna, asipofumbua macho, haitikii. Usimmwagie maji na usimpige makofi.

3. Piga simu au agiza mtu apige. Ukiwa peke yako, weka spika na uilaze simu chini karibu na kichwa chake. Anza na sentensi yenye uzito: "Mtu ameanguka, haitikii, tuko mahali fulani." Usikate simu. Mahali pengi anayepokea amefunzwa kukuongoza na kukuhesabia. Kama kuna watu, mnyooshee kidole mmoja: "Wewe mwenye shati jeupe, kalete mashine ya kushtua moyo." Ukisema "jamani, mtu alete mashine", kila mmoja atamngoja mwenzake.

4. Angalia kupumua, isizidi sekunde 10. Mlaze chali, inua kidevu, sukuma paji la uso nyuma kidogo, kisha utazame kifua. Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa hiyo soma polepole.

Moyo ukiwa umetoka tu kusimama, mwili unaweza kuendelea kutoa pumzi za kukata roho kwa dakika kadhaa. Mdomo unafunguka na kufumba kama wa samaki aliyetolewa majini. Inatoka sauti ya kukoroma, kugugumia au kushtuka, kisha kimya cha sekunde nyingi, kisha nyingine tena. Taya inasogea huku kifua kikiwa hakiinuki sawasawa. Jamaa walio pembeni husema "bado anapumua, mwacheni apumzike". Huko si kupumua. Pumzi ya kawaida hufuatana, ni tulivu, na kifua hupanda na kushuka kwa mpangilio. Ukisita kuamua ni ipi, hesabu kwamba hapumui kawaida.

Kitu kingine kinachopotosha ni mitikisiko. Ubongo ukikosa damu ghafla, mikono na miguu inaweza kukakamaa au kurukaruka kwa muda mfupi, na watu wakadhani ni kifafa. Mitikisiko ikikoma, tazama kifua tena palepale. Mchezaji aliyeanguka bila kuguswa na mtu, mchukulie kwamba moyo umesimama hadi ithibitike vinginevyo. Ndivyo ilivyokuwa kwa Christian Eriksen, mchezaji wa soka wa Denmark, tarehe 12 Juni 2021 mjini Copenhagen: alianguka peke yake, akabonyezwa kifua na kushtuliwa kwa mashine palepale uwanjani, na fahamu zikamrudia kabla hajatolewa nje.

Usitafute mapigo shingoni wala mkononi. Hata wahudumu wa afya hukosea hapo, na wewe mwenyewe ukiwa na hofu utasikia mapigo ya vidole vyako ukidhani ni yake.

5. Weka mikono mahali pake. Piga magoti ubavuni pake, karibu kabisa, magoti yaguse mwili wake. Weka sehemu ya chini ya kiganja, ile inayopakana na kifundo cha mkono, katikati ya kifua kwenye nusu ya chini ya mfupa wa kidari. Juu yake weka kiganja cha pili, pishanisha vidole, uviinue visilale juu ya mbavu. Usisogee kushoto eti kufuata moyo, wala usishuke hadi ncha ya mfupa karibu na tumbo. Chuchu si kipimo kizuri, hasa kwa wanawake. Pima kwa mfupa wenyewe. Nguo nyepesi si kizuizi cha kuanza.

6. Bonyeza. Nyoosha viwiko, mabega yawe wima juu ya mikono, na uangushe uzito wa kiwiliwili kutoka nyongani. Anayebonyeza kwa misuli ya mikono tu huishiwa nguvu kabla ya dakika moja kuisha. Vipimo ni hivi:

- Kina: angalau sentimita 5, isizidi 6. Ni kama upana wa vidole vitatu vya mtu mzima, nako ni kwingi kuliko unavyodhani. Kosa la kawaida ni kubonyeza kijuujuu kwa huruma.
- Kasi: mara 100 hadi 120 kwa dakika, yaani karibu mbili kila sekunde.
- Kuachia: kifua kirudi juu kabisa kabla ya kubonyeza tena, bila kuondoa mikono. Moyo hujaa damu wakati unapoachia, kwa hiyo ukiegemea kifua huo utakuwa na kidogo cha kusukuma.

Kuhusu kuhesabu: usihesabu moja hadi thelathini. Kufikia "ishirini na saba" ulimi umeshachelewa na mikono inapunguza kasi kuufuata. Hesabu moja hadi kumi mara tatu. Kuanzia moja mpaka kumi maneno ni mafupi na yanakwenda sawa na mikono. Raundi tatu za kumi zichukue sekunde 15 hadi 18. Ukitaka kupima mazoezini, weka kwenye simu programu ya metronomu, ile inayogonga kwa mwendo uleule, iwe kwenye 110 kwa dakika.

7. Pumzi mbili, kama umefunzwa na uko tayari. Baada ya kubonyeza mara 30, inua kidevu, bana pua, funika mdomo wake wote kwa wako, na pulizia kwa sekunde moja mpaka uone kifua kinainuka. Rudia mara ya pili. Kifua kisipoinuka, rekebisha kichwa, lakini usipulize zaidi ya mara mbili. Rudi kwenye kifua ndani ya sekunde 10. Ukipuliza kwa nguvu, hewa huingia tumboni na matapishi huja.

Kama hujafunzwa au hutaki, bonyeza tu bila kukoma. Kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla, damu yake bado ina oksijeni ya dakika za mwanzo, na kubonyeza peke yake ni msaada halisi. Usiache kila kitu kwa sababu ya mdomo.

8. Badilishaneni kila dakika 2, hata ukijiona una nguvu. Kina huanza kupungua kabla mwenyewe hujahisi. Anayepokea apige magoti upande wa pili, mikono tayari, na aingie wewe unapomaliza hesabu. Pengo lisizidi sekunde chache.

9. Mashine ikifika, itumie mara moja. Anayebonyeza aendelee, mwingine aihudumie mashine.

- Iwashe. Nyingine hujiwasha ukifungua kifuniko. Kuanzia hapo inaongea, nawe fuata.
- Acha kifua wazi kabisa. Kata nguo. Sidiria itolewe au ikatwe. Kama kifua kimelowa, kikaushe. Nywele zikiwa nyingi kiasi cha kuzuia gundi, nyoa haraka. Kibandiko cha dawa kilicho mahali pa kibandiko cha mashine, kitoe na upanguse.
- Kibandiko kimoja kiende chini ya mtulinga wa kulia. Cha pili kiende ubavu wa kushoto, chini ya kwapa. Kosa la wengi ni kukileta hiki cha pili mbele mno, karibu na chuchu. Kisogeze ubavuni hadi kiwe chini ya kwapa hasa.
- Ukiona uvimbe mgumu chini ya ngozi karibu na mtulinga, huenda ni kifaa cha moyo. Usibandike juu yake. Sogea pembeni kama upana wa kiganja.
- Ikisema inachunguza, asiguse mtu. Ikiagiza mshtuko, tazama kuanzia kichwani hadi miguuni, sema "Achieni wote!", kisha bonyeza kitufe. Nyingine hushtua zenyewe.
- Baada ya mshtuko, rudi kubonyeza palepale. Usingoje kuona kama amezinduka. Mashine itachunguza tena baada ya dakika 2.

Mashine ikisema mshtuko hauhitajiki, haimaanishi kwamba moyo uko sawa. Maana yake ni kwamba mwendo wa moyo huo hauwezi kurekebishwa kwa umeme. Kama bado haitikii na hapumui kawaida, endelea kubonyeza. Watu wengi hulegeza mikono kwa sababu wamesikia sentensi hiyo vibaya.

Usiogope kwamba utamshtua mtu asiyestahili. Mashine haitoi umeme isipouona mwendo unaohitaji. Uchunguzi uliofanywa kwenye kasino za Marekani na kuchapishwa mwaka 2000, ambako walinzi walifunzwa kutumia mashine hizi, ulionyesha kwamba kati ya walioanguka mbele ya watu na mioyo yao ikawa inatetemeka, asilimia 74 ya walioshtuliwa ndani ya dakika 3 walitoka hospitalini wakiwa hai. Kati ya waliocheleweshwa zaidi ya hapo, waliotoka hai walikuwa asilimia 49.

Mtoto, aliyezama na mjamzito

Moyo wa mtoto kwa kawaida husimama kwa sababu pumzi ilikatika kwanza. Kwa hiyo kwake pumzi zina uzito zaidi: miongozo ya Ulaya huanza na pumzi 5, kisha kubonyeza 30 kwa pumzi 2. Bonyeza theluthi moja ya unene wa kifua, kama sentimita 5 kwa mtoto na 4 kwa mtoto mchanga. Mtoto mdogo mkono mmoja unatosha. Mtoto mchanga, mzungushie viganja kifuani na utumie vidole gumba viwili. Unapompulizia, mdomo wako ufunike mdomo na pua yake kwa pamoja, na hewa iwe ya kujaza mashavu yako tu. Mashine ikiwa na vibandiko au kitufe cha watoto, vitumie kwa aliye chini ya miaka 8. Kama havipo, tumia vya wakubwa, kimoja kifuani na kingine mgongoni visigusane.

Aliyezama, wa umri wowote, anza na pumzi: 2 kwa mujibu wa Marekani, 5 kwa mujibu wa Ulaya. Usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo ili maji yatoke. Hayo ni kupoteza muda na kuita matapishi.

Mjamzito hubonyezwa vilevile, mahali palepale, na mashine hutumika vilevile. Kama tumbo limefika kitovuni au zaidi na kuna msaidizi, alisukume kwa mikono kuelekea kushoto kwa mama ili lisibane mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo.

Mambo yakikwama

*Mbavu zimelia.* Hutokea mara nyingi kwa watu wazima, hasa wazee. Hakikisha mikono iko katikati ya kifua, halafu endelea kwa kina kilekile. Ubavu hupona.

*Yuko kitandani.* Godoro linameza nguvu zako. Mshushe sakafuni: mmoja ashike kichwa na mabega, mwingine avute shuka. Kama huwezi kabisa, bonyeza hapohapo kwa nguvu zaidi huku ukiita msaada.

*Chumba ni kidogo, mfano chooni.* Mburute kwa makwapa hadi mlangoni. Sekunde 10 za kuburuta ni bora kuliko dakika 10 za kubonyeza ukiwa umejipinda.

*Anatapika.* Mgeuze ubavu, futa mdomo, mrudishe chali, endelea. Usichokoe koo kwa vidole bila kuona kitu.

*Ni mwanamke na watu wanaona haya.* Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba wanawake wanaoanguka hadharani hubonyezwa kifua mara chache kuliko wanaume. Waagize wawili washike kanga au shuka wazingire, wewe endelea. Vibandiko lazima viguse ngozi.

*Alipobonyezwa alifumbua macho, tulipoacha akazimia tena.* Mikono yako ilikuwa inapeleka damu vizuri mpaka ubongo ukaamka. Rudi kifuani mara moja. Acha tu akipumua kawaida mwenyewe.

*Ambulansi haipo au iko mbali mno.* Usikimbilie kumpakia kwenye kiti cha gari. Hapo habonyezeki, na atapoteza dakika zote za njiani. Mbonyeze alipo na utume mtu kituo cha afya kilicho karibu akalete mashine au mhudumu. Usafiri ukiwa ndiyo njia pekee, lipatikane gari lenye sakafu bapa atakapolazwa chali, na mtu aendelee kumbonyeza njia nzima, japo ndani ya gari linalotembea kubonyeza huwa hafifu.

*Uko peke yako na umechoka.* Shuka hadi kasi ya 100, lakini usipunguze kina. Ukiishiwa kabisa, pumzika kwa pumzi chache zako, kisha anza tena.

Akirudiwa na pumzi, au ambulansi ikifika

Akianza kupumua kawaida, mlaze ubavu, kichwa nyuma kidogo, na utazame kifua chake bila kuondoka. Moyo unaweza kusimama tena. Vibandiko viache mwilini na mashine iwake.

Wahudumu wakiingia, usiache kubonyeza mpaka wakwambie. Wape taarifa kwa mpangilio: saa aliyoanguka, kama kuna aliyemwona, ulianza kubonyeza baada ya dakika ngapi, mishtuko mingapi imetolewa, na dawa au maradhi unayoyajua. Mwenye mashine akabidhiwe habari kwamba imetumika, kwa sababu imehifadhi kumbukumbu ya moyo wa mgonjwa ambayo hospitali inaweza kuihitaji, na vibandiko ni vya kutumia mara moja: vipya viwekwe kabla haijarudishwa ukutani.